Sehemu ya Tatu Peke Yake: Kuitazama Upya Miaka ya Kwanza ya Doctor Who

Chukulia kwamba umekabidhiwa kitabu chenye sura sita, lakini sura tano zimenyofolewa, ukabaki na ile ya tatu peke yake. Katika sura hiyo mpishi analalamika jikoni, mfungwa mmoja amewekwa kwenye korido chini ya ulinzi, na watu wanaingia na kutoka wakizungumza. Ukiulizwa kitabu hicho kina thamani gani, utajibu nini? Wapenzi wa Doctor Who, tamthilia ya televisheni ya Uingereza, walikabiliwa na swali la namna hiyo kwa miaka mingi, na wengi wao hawakusita kujibu. Walisema kwamba hadithi iitwayo The Enemy of the World, yaani Adui wa Dunia, ilikuwa dhaifu na ya kuchosha. Sehemu pekee waliyoweza kuitazama ilikuwa ya tatu.

Nataka tuirudie miaka ya kwanza ya tamthilia hiyo, ile ya 1963 hadi 1969. Ni bunilizi ya kisayansi, nayo husimulia safari za mtu wa ajabu aitwaye Daktari, anayesafiri katika wakati na anga ndani ya chombo chenye umbo la kibanda cha buluu cha simu ya polisi. Lakini historia ya tamthilia yenyewe, jinsi ilivyotengenezwa, ikafutwa, kisha ikatafutwa duniani kote, ina mafunzo ya uraia kuliko hata hadithi zake.

Tuanze na tarehe. Sehemu ya kwanza ilirushwa na BBC jioni ya Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1963, siku moja baada ya Rais John F. Kennedy wa Marekani kuuawa. Watu wengi walikuwa wakifuatilia taarifa za habari, na Jumamosi iliyofuata BBC iliirudia sehemu hiyo kabla ya kuonyesha ya pili. Siku 19 baada ya jioni ile ya kwanza, Kenya ilipata uhuru. Tarehe hii ya pili si pambo. Mataifa mapya ya Afrika yalikuwa yakifungua vituo vya televisheni katika miaka hiyohiyo, Kenya mwaka 1962 na Uganda mwaka 1963, na vituo hivyo vilihitaji vipindi vya kuonyesha. Tutaona baadaye jinsi jambo hilo lilivyokuja kuokoa mali ya Waingereza.

Waliobuni tamthilia hii hawakuwa watu wa kawaida katika BBC ya wakati ule. Mkuu wa idara ya tamthilia, Sydney Newman, alitoka Kanada. Mtayarishaji, Verity Lambert, alikuwa mwanamke mwenye umri wa miaka 27 katika kazi iliyoshikwa na wanaume. Mwongozaji wa hadithi ya kwanza, Waris Hussein, alizaliwa Lucknow, India. Nia yao ya mwanzo ilikuwa ya kielimu, na sisi walimu tuna haki ya kujivunia kidogo: watu wawili wanaojikuta safarini pamoja na Daktari na mjukuu wake Susan ni Barbara Wright, mwalimu wa historia, na Ian Chesterton, mwalimu wa sayansi. Hadithi moja iligawanywa katika sehemu kadhaa, mara nyingi nne au sita, na kila Jumamosi ilionyeshwa sehemu moja ya takriban dakika 25.

Mwigizaji wa kwanza wa Daktari alikuwa William Hartnell. Afya yake ilipodhoofika, mwaka 1966 watayarishaji walipata ufumbuzi ambao umeiwezesha tamthilia kuishi hadi leo: Daktari alianguka, uso wake ukabadilika, akainuka akiwa mtu mwingine, Patrick Troughton. Sehemu yenye tukio hilo haipo tena katika hifadhi. Sekunde chache za mageuzi yenyewe zimesalia kwa sababu kipindi kimoja cha watoto kilizionyesha miaka ya 1970.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kiini cha jambo. Katika miaka hiyo ya picha nyeusi na nyeupe zilitengenezwa sehemu 253. Zote zilionyeshwa, zote zilitazamwa na mamilioni, na BBC ni shirika la umma linaloendeshwa kwa ada ya leseni wanayolipa wananchi. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, shirika hilohilo likaanza kuzifuta.

Sababu zake zilikuwa za kawaida kabisa. Kanda ya video ya inchi 2 ilikuwa ghali, nayo iliweza kutumika tena kurekodia kitu kingine. Makubaliano na chama cha waigizaji yaliwekea mipaka idadi ya marudio. Televisheni ya rangi ilikwisha kuingia, katika BBC2 mwaka 1967 na katika BBC1 mwaka 1969, na nani angetaka tena vipindi visivyo na rangi? Mashine ya kutazamia kanda nyumbani haikuwa kitu cha watu wa kawaida. Kwa macho ya wakati ule, kipindi kilichokwisha kuonyeshwa kilikuwa kama mchezo wa jukwaani uliokwisha kuchezwa: watu wamekwenda nyumbani, taa zimezimwa.

Linaloumiza zaidi ni mgawanyo wa kazi. Idara ya uhandisi ilitunza kanda za asili, na kabla ya kuzifuta, kitengo cha mauzo kilitengeneza nakala za filamu ya milimita 16 kwa ajili ya kuuza nje ya nchi. Idara ile ikafuta kanda ikijua kuwa nakala zipo. Kitengo cha mauzo nacho, muda wa haki za kuuza ulipokwisha, kiliteketeza nakala zake katika miaka ya 1970 kikiamini kuwa kutunza ni kazi ya wengine. Maktaba ya filamu ilikuwa na wajibu wa filamu, wala si wa kanda za video. Sioni mwovu katika kisa hiki. Naona wafanyakazi watiifu, kila mmoja na fomu yake iliyojazwa sawasawa, na hilo ndilo linalonitisha. Mwaka 1978 ndipo BBC ilipompa Sue Malden kazi ya kuchagua vipindi vya kuhifadhiwa, kazi ambayo kabla yake haikuwa na mtu. Miaka kumi na mitano tangu jioni ile ya kwanza!

Waswahili husema usitupe mbachao kwa msala upitao. Mbacha ni mkeka mkuukuu uliochakaa. Msala ni mkeka wa kuswalia, na huu unapita tu, si wako. BBC ilitupa mbachao wake kwa sababu msala wa rangi ulikuwa unapita mlangoni.

Lakini zile nakala za filamu zilikuwa zimekwisha kusafiri. Zilipelekwa Australia, New Zealand, Hong Kong, Kupro, na katika bara letu zilifika Nigeria, Sierra Leone, Ethiopia, Zambia, Kenya na Uganda. Kituo kilichomaliza kuonyesha kilitakiwa kuzirudisha London, kuzipeleka kwa nchi iliyofuata, au kuziteketeza na kutoa hati ya kuthibitisha. Hivyo makopo yaleyale ya filamu yalipita mji hadi mji kama barua ya mnyororo. (Watu wa Tanzania Bara hawakuwa katika safari hiyo, maana televisheni haikuanza kwao hadi mwaka 1994, Zanzibar ilianza yake mwaka 1973, tena ya rangi.) Mahali fulani, mtu alisahau kuteketeza. Uzembe wake, ambao siku ile ungemletea karipio, leo ni hazina.

Mwanafunzi wangu, tua kidogo kwenye neno kumbukumbu. Kiswahili kinalitumia neno hilo kwa jambo lililo kichwani na pia kwa karatasi iliyo ndani ya faili: unaweza kuwa na kumbukumbu ya utotoni, na unaweza kuandika kumbukumbu za mkutano. Tunapozungumzia sehemu zilizopotea, maana hizi mbili zinatengana na kupigana. Faili limetoweka, kichwa kimebaki, na kichwa si karani mwaminifu.

Haya ndiyo yaliyobaki baada ya faili kutoweka. Kwanza, sauti. Watoto na vijana wa miaka ya 1960 waliweka maikrofoni mbele ya televisheni wakarekodi, na kwa sababu yao sauti ya kila sehemu iliyopotea ipo. Pili, picha mnato. Mtu mmoja aitwaye John Cura alifanya biashara ya kupiga picha kioo cha televisheni wakati kipindi kikiendelea, kisha akawauzia waigizaji na waongozaji waliotaka ukumbusho wa kazi yao. Tatu, na hili hunichekesha kwa uchungu, mabaki ya mkasi wa wakaguzi. Wakaguzi wa Australia walikata vipande walivyoona vinatisha mno kwa watoto, na vipande hivyo vikatunzwa serikalini kama ushahidi wa kazi iliyofanyika. Vilipopatikana mwaka 1996, ilibainika kwamba katika baadhi ya hadithi, kilichosalia kikiwa kinatembea na kupumua ni kile tu alichokikataza mkaguzi.

Kisha makopo yakaanza kurudi, moja moja. Mwaka 1983 sehemu mbili zilipatikana katika jengo la kanisa jijini London. Katikati ya miaka ya 1980 zilirudi filamu kutoka Kupro na Nigeria. Kilichogusa zaidi mioyo ya wapenzi kilitangazwa mwanzoni mwa 1992: hadithi nzima ya sehemu nne, The Tomb of the Cybermen, ilikuwa imepatikana Hong Kong. Walioiona utotoni mwaka 1967 walikuwa wameisifu kwa miaka mingi kama kilele cha tamthilia nzima, na waliokuwa hawajazaliwa waliwaamini.

Itazame leo nawe utaelewa kwa nini baadhi yao walinyamaza. Ina mandhari ya kuvutia, na viumbe wa chuma wanapotoka katika makaburi yao ya barafu inasisimua kweli. Lakini waya zinazomwinua mwigizaji hewani zinaonekana wazi. Na yumo Toberman, mtumishi mweusi mwenye misuli ya ajabu ambaye haambiwi azungumze ila maneno machache, kazi yake ikiwa kubeba, kusukuma na hatimaye kufa kwa ajili ya wengine. Uingereza ya 1967 ilikuwa na waigizaji weusi wenye uwezo. Hiki ndicho ilichochagua kumpa mmoja wao, Roy Stewart. Kumbukumbu ya kichwani ilikuwa imelificha hilo kwa robo karne. Faili lilipofunguliwa, lilionekana.

Sasa turudi kwa Adui wa Dunia, ambako mambo yalikwenda kinyume. Hadithi hiyo ilionyeshwa kuanzia tarehe 23 Desemba 1967 hadi 27 Januari 1968. Mwandishi ni David Whitaker, mwongozaji ni Barry Letts. Inatokea katika mwaka 2018, ambao kwao ulikuwa mbali na kwetu umekwisha kupita. Kuna kiongozi aitwaye Salamander, ambaye watu wanamsifu kwa kuwa amevumbua njia ya kukusanya nguvu ya jua na kustawisha mazao hata penye njaa. Ana sura moja na Daktari, na Patrick Troughton anawacheza wote wawili, mmoja mpole na wa mzaha, mwingine mkatili.

Nyuma ya sifa hizo kuna siri. Chini ya ardhi, Salamander amewafungia wanasayansi na kuwaaminisha kwamba juu kuna vita vya nyuklia na kwamba hewa imejaa sumu. Yeye peke yake hupanda na kushuka, akijifanya shujaa anayehatarisha maisha kuwatafutia chakula. Wale watu, wakidhani wanapigana na maadui waovu, husababisha matetemeko na milipuko ya volkano, na maafa hayo humsaidia Salamander kuwaondoa viongozi wanaompinga na kuweka watu wake. Ni utawala unaosimama juu ya jambo moja: hakuna aliye chini mwenye njia ya kuhakikisha anachoambiwa.

Na unaangushwa na nini? Na kipande cha gazeti. Mmoja wao, Swann, anakikuta kimenata kwenye sanduku la chakula lililoshushwa kutoka juu. Kinazungumzia meli ya watalii iliyozama. Watalii! Basi juu kuna watu wanaokwenda likizo. Swann anamkabili Salamander na kipande kile mkononi, na uhai wake unaishia hapo, lakini uongo hauwezi tena kushonwa.

Yumo pia Fariah, mwanamke mweusi anayelazimishwa kuonja chakula cha Salamander kabla hajala, ili sumu ikiwamo afe yeye. Amecheza Carmen Munroe, mzaliwa wa Guyana, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya maigizo ya Talawa jijini London. Linganisha naye Toberman, maana hadithi hizi mbili ni za msimu mmoja. Fariah ana akili, ana kejeli, ana hasira iliyotulia, na anawapelekea wapinzani faili lenye ushahidi ambao Salamander aliutumia kumtishia mtu afanye mauaji. Analipa kwa maisha yake.

Yote haya, ufuo wa mwanzo wenye helikopta na boti la upepo linaloruka juu ya maji, shimo la chini ya ardhi, gazeti la Swann, kifo cha Fariah, yalikuwa katika sehemu zilizoteketezwa. Sehemu ya tatu, ile iliyobaki, ndiyo ya jikoni na korido. Watu walihukumu kwa ushahidi waliokuwa nao, na ushahidi haukuwa wa uongo hata kidogo. Ulikuwa mdogo tu.

Mwezi Oktoba 2013 ilitangazwa kwamba Philip Morris, Mwingereza anayetafuta filamu zilizopotea, alikuwa amezipata sehemu tisa katika stoo ya kituo cha televisheni mjini Jos, Nigeria: tano za Adui wa Dunia, na nne za hadithi nyingine, The Web of Fear. Sifa ya hadithi ya Salamander ilipanda karibu usiku mmoja. Baada ya ugunduzi huo, sehemu zilizokuwa bado hazijulikani ziliko zilibaki 97.

Fikiria tena mahali filamu hizo zilipokuwa. Waingereza matajiri walikuwa na majengo, wahandisi na bajeti, nao waliteketeza. Nakala ilisalimika katika nyanda za juu za Nigeria, kwenye rafu ambayo hakuna aliyeipangia mpango. Sisemi kwamba stoo zetu ni bora. Joto, unyevu na panya hawana uzalendo. Ila wale waliozoea kuamini kwamba kumbukumbu za dunia ziko salama London peke yake wana jambo la kutafakari.

Tunalo letu pia la kutafakari hapa Uganda. Televisheni ya Uganda iliyopokea makopo yale iliunganishwa na Redio Uganda mwaka 2005, ikazaliwa UBC. Mwaka 2015, ndani ya kabati la UBC, zilikutwa negativu za picha makumi ya maelfu, zilizopigwa na wapiga picha wa serikali katika enzi ya Idi Amin, nyingi zikiwa hazijawahi kuchapishwa. Baadhi zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho mjini Kampala mwaka 2019. Ndani yake kuna gwaride, mikutano, ngoma, watu waliovaa vizuri. Mateso na mauaji hayamo, kwa kuwa hakuna mpiga picha wa serikali aliyetumwa huko. Walioandaa maonyesho walilijua hilo na wakalazimika kuweka kando ya picha habari za waliouawa. Mtu angeingia akiwa na negativu peke yake, angetoka akidhani ameiona miaka ya 1970 ya Uganda. Angekuwa ameiona sehemu ya tatu.

Ukitaka kujaribu jambo hili mwenyewe, fanya hivi. Tafuta Adui wa Dunia, anza na sehemu ya tatu bila kutazama nyingine, kisha andika aya moja ya Kiswahili sanifu ukieleza hadithi hiyo ni ya namna gani na ina thamani gani. Weka kalamu chini. Kisha anza upya na sehemu ya kwanza, ufuoni, hadi ya sita, na aya yako uiache kama ilivyo, usiifute. Baadaye nenda kwenye The Web of Fear. Humo utakutana na kanali Lethbridge-Stewart, aliyechezwa na Nicholas Courtney, mhusika ambaye angekuwa rafiki wa Daktari kwa miongo kadhaa. Anaingia katika hadithi kwa mara ya kwanza katika sehemu ya tatu. Makopo ya Jos yalipotangazwa, sehemu zote za hadithi hiyo zilikuwa zimekamilika isipokuwa hiyo.